Saa za Bi Turan

Fundi Esfandiar alichimba na kusafisha mifereji ya chini ya ardhi kwa miaka arobaini na minne, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba jua ni dawa. Alishuka kisimani kabla halijachomoza, akapanda likiwa limekwisha kulegea. Huko chini, ndani ya kanati ziletazo maji ya mlimani mpaka katikati ya Yazd, hakuna kiangazi wala kipupwe. Ni ubaridi uleule, giza lilelile, na maji yanayokwenda zake kimyakimya. Jua kwake lilikuwa kama jamaa wa mbali: anajua lipo, wakionana siku za sikukuu wanasalimiana, basi.

Alipofikisha miaka sabini na mmoja, magoti yakamgomea. Binti yake Faranak, mwalimu wa hesabu aliyekuwa akikaa naye tangu mama yake afariki, akamburura kwa daktari. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani mikubwa. Akazitazama picha za mifupa, akamtazama mzee, akazirudia tena picha.

"Baba, uliwahi kufungwa gerezani?"

Faranak akataka kuwaka, lakini mzee mwenyewe alicheka mpaka akakohoa. "Mimi ni mchimba kanati, mwanangu."

"Aa! Ndiyo maana. Mifupa hii na jua hawajuani kabisa. Vidonge nitakupa, lakini dawa yenyewe ni miguu yako. Nusu saa kila siku, nje, mwangani. Si kuzunguka tangi la uani kama ng'ombe wa kinu."

"Nje?" Faranak akauliza. "Mwezi huu wa Tir, joto lote hili?"

"Nje, mwezi huu wa Tir. Mtachagua saa."

Alilitamka hilo la kuchagua saa kwa wepesi, kama mtu anayesema utachagua soksi.

Siku ya kwanza Esfandiar alichagua vibaya kuliko mtu yeyote anavyoweza kuchagua. Faranak alikuwa amekwenda kufundisha masomo ya likizo. Mzee akanywa chai yake glasi tatu, akasikiliza taarifa ya habari mpaka ile ya bei ya pistachio, akavaa koti lake la sufu, maana mtu mzima hatoki nyumbani kama aliyefukuzwa, na saa tano kamili asubuhi akafungua mlango.

Kichochoro kilikuwa kitupu. Hilo peke yake lingemtosha mtu mwingine kuwa onyo: mtaa mzima wa Fahadan, na hata paka hayupo. Esfandiar akaona ni bahati, njia yote ni yake. Akaondoka kwa madaha. Kona ya kwanza alikuwa akiimba chinichini. Kona ya pili wimbo ukakatika. Kona ya tatu kuta za udongo za pande zote mbili zikamwelekezea joto, kama tanuri mbili zinazogombea mkate mmoja, na mkate ndiye yeye. Macho yakamwingia kiwi. Akapapasa kizingiti cha mlango wa watu, akakikalia, na kichwa chake kikaugonga mlango, ngo!

Mlango ukafunguliwa. "Nani huyu anabisha hodi kwa kichwa?"

Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mfupi, mnene kiasi, mwenye ushungi wa maua na mikono ya mtu aliyezoea kushika watu bila kuwaomba ruhusa. Hakungoja jibu. Akaingia ndani, akarudi na kitambaa kilicholoa na birika la maji. Kitambaa akamtupia utosini, maji akammiminia viganjani.

"Usinywe kwa pupa. Vua koti. Nimesema vua! Sufu mwezi wa Tir? Unakwenda wapi wewe, kujizika?"

"Natembea," alisema Esfandiar kwa sauti iliyobaki. "Daktari kaniambia nitembee."

"Kakwambia utembee. Kakwambia ujikaange?"

Hapo ndipo alipomtambua. Huyu alikuwa Bi Turan wa chanjo. Hakuna mtu wa Fahadan aliyezaliwa alipokuwa kazini ambaye Bi Turan hakumliza. Miaka thelathini na mmoja alipita nyumba kwa nyumba na sindano zake, na Faranak naye alilizwa, tena mara mbili, maana mara ya kwanza aliuma mkono wa muuguzi na kukimbilia juu ya paa. Sasa alikuwa amestaafu, mjane, akiishi na dada yake mkubwa, Bi Effat.

"Wewe si baba yake yule mtoto aliyening'ata?" aliuliza Bi Turan, naye amekwisha kumtambua.

"Ndiye. Sasa ni mwalimu wa hesabu."

"Alama bado ninayo." Akamwonyesha kovu dogo chini ya kidole gumba, na akacheka. Kilikuwa kicheko kikubwa kuliko mwenye nacho. Fundi Esfandiar, kitambaa kinamchuruzika masikioni, akajikuta naye anacheka bila kujua kwa nini.

Bi Turan akamketisha ukumbini, pale hewa iliyonaswa na mnara wa upepo juu ya paa inaposhukia, akampa bilauri ya maji ya siki na asali yenye vipande vya tango, na akaanza kumfundisha kana kwamba yeye ndiye mtoto aliyeletwa na mama yake.

"Sikiliza, Fundi. Mimi nilikuwa na sanduku begani. Ndani ya sanduku kuna barafu, katikati ya barafu kuna chanjo. Barafu ikiyeyuka, dawa imekufa, na mtoto nitamchoma bure. Gari haliingii vichochoro hivi. Sasa ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningekimbia."

"Ungekimbia ungeanguka. Mimi nilijifunza kivuli. Najua ukuta gani wa mtaa huu una kivuli saa ngapi, mwezi gani, na upana wake unamtosha mtu mmoja au wawili. Ngozi yangu sikuijali, nilikuwa nalinda barafu."

"Basi bora nitembee jioni, jua likishazama."

"Jioni!" Bi Turan akapiga kofi. "Ukuta ni kama mtu mwenye kinyongo. Mchana kutwa unapigwa na jua, haujibu. Jua likishaondoka, ndipo unaanza kutoa ya moyoni. Ukipita jioni yote yanakuangukia wewe. Alfajiri kuta zimekwisha kusema yao, zimepoa. Na tena wewe umeambiwa upate jua, si upate giza. Giza unalo la kutosha."

Hilo lilikuwa kweli, na Esfandiar hakulibishia.

"Saa yako ni hii. Umesikia adhana, umeswali, toka. Nusu ya kwanza pita kwenye ubaridi, miguu ipate moto. Jua likichungulia juu ya minara, kaa nalo, uso na mikono. Hilo ni jua changa, halijaota meno. Likianza kuota, rudi kwako. Mimi mwenyewe hutoka saa kumi na moja. Ukitaka kuijua njia nifuate. Kwa mbali."

"Kwa mbali kiasi gani?"

Bi Turan akatupa jicho kwenye chumba cha dada yake. "Kiasi cha mtu akichungulia asipate la kusema."

Esfandiar, ambaye kazi yake yote ilikuwa kupima kwa hatua mahali ambapo macho hayafai kitu, akakadiria ishirini.

Kesho yake akamwona anatoka, kivuli kidogo cheusi katika weupe wa alfajiri, na yeye nyuma, hatua ishirini, hakuzidisha wala hakupunguza. Bi Turan hakugeuka nyuma. Mafunzo aliyatoa akitazama mbele, kwa sauti ileile aliyokuwa akiwaitia akina mama walete watoto, na mtaa mzima uliokuwa umelala juu ya mapaa kukimbia joto ukasoma pamoja na Fundi.

"Shika ukuta wa kulia! Wa kulia, Fundi! Hapa kushoto kuna jiko la watu kwa nyuma!"

"Nimeshika!"

"Hapa chini ya paa la kichochoro pana upepo. Simama, hesabu kumi, upoe!"

"Moja, mbili..."

"Hesabu kimoyomoyo!" ikasikika sauti ya mtu juu ya paa. "Watu wamelala!"

Walitokea kwenye uwanja mdogo wa msikiti wakati jua linaanza kupaka rangi vichwa vya minara ya upepo. Bi Turan akakaa upande mmoja wa uwanja, Esfandiar upande wa pili. Akainua uso kama alivyoagizwa. Jua likamgusa mashavu. Halikuunguza, lilimpapasa tu, kama mkono wa mtu anayetaka kukuamsha bila kukushtua. Miaka sabini na mmoja, na hakuwa amewahi kukaa tu na jua bila shughuli. Akafumba macho. Alipoyafumbua, Bi Turan alikuwa amesimama ananyoosha kidole juu.

"Limeota meno! Twende!"

Ikawa hivyo kila siku. Mwezi wa Tir ukaisha, Mordad ukaingia na moto wake. Magoti ya Fundi yakaanza kupunguza malalamiko. Faranak alishangaa kumwona baba yake, aliyekuwa akiamka na kuguna, sasa anaamka kabla ya adhana na kuchana ndevu. Kuchana ndevu kwenda kutembea! Mwalimu wa hesabu akajumlisha, lakini jumla yake akaiweka moyoni.

Rajab-Ali mwokaji, ambaye tanuri lake lilikuwa njiani na ulimi wake haukuwa na breki, hakuwa na subira hiyo. "Fundi!" alipiga kelele huku akichomoa mkate. "Kwa mwendo huo mama wa watu utamkamata mwezi wa Bahman, theluji ikianguka!"

"Simkimbizi mtu. Natibiwa."

"Na mimi niandikie dawa hiyo!"

Ukweli ni kwamba zile hatua ishirini zilikuwa zimeanza kuliwa. Kwanza zikawa kumi na tano, kwa sababu Bi Turan aliuliza jambo na Esfandiar hakulisikia vizuri. Kisha kumi, kwa sababu alipojibu, Bi Turan ndiye hakusikia. Kisha saba. Asubuhi moja, chini ya paa la kichochoro, Bi Turan akasimama kurekebisha kiatu chake, na kiatu kile kikachukua muda mrefu sana kurekebishika, mpaka Fundi akawa amefika. Tangu siku hiyo hawakuhesabu tena.

Walizungumza mambo ya ajabu kwa watu wazima. Bi Turan alimsimulia mama aliyemficha mtoto ndani ya gunia la ngano asichomwe sindano, gunia likapiga chafya. Esfandiar alimsimulia jinsi sauti inavyosafiri chini ya ardhi: mtu akikohoa kisima cha tano, wewe wa kisima cha kumi unamwombea afya. Alimweleza mambo ambayo hata marehemu mkewe hakuwahi kumweleza, kwa kuwa marehemu aliogopa habari za huko chini na aliziba masikio. Mchana alipokuwa peke yake uani, kila alipokumbuka jambo la kuchekesha, alijikuta akiliweka kando, kama mtu anayeweka nyama nzuri pembeni ya sahani. Hili la kesho asubuhi.

Kisha Bi Effat akatoka mlangoni.

Bi Effat alikuwa na miaka sabini na sita na fimbo ambayo hakuihitaji kwa kutembelea. Asubuhi hiyo alikuwa amekaa kwenye benchi la mawe la nje, anawangoja. Bi Turan akapita kuingia ndani kama mtoto wa shule aliyechelewa. Fimbo ikamzuia Fundi.

"Wewe, Fundi."

"Salamu alekum, Bi Effat."

"Alekum salam. Nina swali dogo. Mwanamume akimfuata mwanamke mwezi na nusu, mtaa mzima unatazama, huyo anakuwa ama askari ama mposaji. Wewe sijaona kofia ya askari."

Esfandiar akajishika kichwani, kana kwamba anaitafuta kofia hiyo.

"Kama unakuja kuposa, njoo na mtu wa kukusemea na sahani ya peremende, tujue. Kama huji kuposa, badili saa zako. Mdogo wangu amevumilia mengi, sitaki awe hadithi ya waoka mikate."

Njia ya kurudi nyumbani ilikuwa fupi, lakini siku hiyo Esfandiar aliiona ndefu kama kanati ya farasakhi kumi, mwendo wa siku mbili. Aibu ilimshika mpaka kwenye kucha. Siku tatu hakutoka alfajiri. Siku ya pili alijaribu kutembea jioni, akashindwa kumaliza hata vichochoro viwili, kuta zikimtapikia joto lake lote usoni. Akarudi, akakaa kando ya tangi la uani akitazama samaki wawili wekundu wanavyozunguka.

Siku ya nne mlango ukabishwa, kwa mkono, si kwa kichwa. Faranak akafungua. Bi Turan akaingia moja kwa moja mpaka uani.

"Mgonjwa wangu yuko wapi? Aa, huyu hapa. Fundi, maneno ya dada yangu nimeyasikia. Dada yangu alianza kusema akiwa na mwaka mmoja na hajanyamaza mpaka leo. Unaacha dawa kwa sababu ya maneno?"

"Si kwa sababu ya maneno," alisema Esfandiar. Akasimama, maana jambo hilo hakutaka kulisema amekaa. "Ni kwa sababu ni ya kweli."

Faranak alikuwa anakuja na sinia la chai. Akasimama palepale, glasi zikilia ling'i ling'i. Bi Turan, aliyepambana na akina mama mia tatu wenye magunia ya ngano, akarudi nyuma hatua moja. Uso wake ukawa mwekundu mpaka chini ya ushungi.

"Basi," alisema hatimaye. "Basi. Kesho saa kumi na moja." Na akaondoka bila chai, akiupita mlango kwa upande kama kaa.

Faranak akaweka sinia chini. Akaingia jikoni, na mzee akasikia vyombo vilivyokuwa safi vinaoshwa upya. Kitambo kikapita. Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Nilikuwa nahesabu," alisema. "Mama ana miaka tisa tangu aondoke. Katika miaka hiyo sijakusikia ukicheka peke yako uani. Mwezi huu nimekusikia mara kumi na moja."

"Mwanangu, kama hutaki..."

"Baba, nimekwambia nimehesabu. Mimi nauliza jambo moja tu: atakuja kukaa hapa au wewe utakwenda kwake? Kwa sababu yule dada yake mimi siwezi kukaa naye."

Wakacheka wote wawili, yeye akilia kidogo, baba akimfuta kwa kona ya kitambaa cha meza.

Lakini kesho yake alfajiri hapakuwa na alfajiri. Upepo wa jangwani ulikuwa umevuma usiku kucha na vumbi lake, anga ilikuwa ya manjano, na kuta hazikuwa zimepoa hata chembe. Redioni walitangaza ofisi zifungwe, watu wasitoke. Esfandiar alipofika kwa Bi Turan alimkuta mlangoni, ushungi umemzunguka puani, anaitazama mbingu kama mtu aliyetukanwa.

"Leo hakuna saa," alisema. "Miaka thelathini na mmoja sijawahi kulitamka neno hili. Leo hakuna saa nzuri, Fundi. Rudi nyumbani."

"Ipo."

"Ipi?"

"Saa saba mchana."

Bi Turan akaweka kiganja kwenye paji la uso la Fundi, kumpima homa. Mara ya kwanza kumgusa tangu siku ya kitambaa. "Jua limekuingia."

"Njoo kwa Rajab-Ali saa saba. Ni milango mitatu tu kutoka kwako. Mlete na Bi Effat."

Hakuna haja ya kusema Bi Effat aliletwa. Bi Effat alitangulia. "Mjane na mgane pamoja saa za mchana, na mimi nilale?" alisema, fimbo mkononi. Chini ya nyumba ya Rajab-Ali mlikuwa na ngazi za kale, hamsini na nane, za kushukia kwenye maji ya kanati, ambako mababu zake walipoozea mtindi na matikiti. Esfandiar alikuwa amesimama kwenye kidato cha juu pamoja na Faranak. Alikuwa amevaa nguo zake za kazi, nyeupe tupu kutoka kofia hadi suruali, mavazi ya wachimba kanati, yaonekanayo gizani na, ikitokea ya kutokea, sanda unayo tayari mwilini.

"Umevaa msiba," alisema Bi Effat.

"Nimevaa kazi, dada."

Wakashuka polepole, Faranak mbele na tochi, mkono wa mzee ukipapasa ukuta anaoujua. Kidato cha ishirini joto likabaki juu yao. Kidato cha arobaini Bi Effat akaacha kulalamika. Kidato cha mwisho palikuwa na ubaridi mtamu kama wa mtungi, na maji, maangavu, ya kina cha kifundo cha mguu, yakipita kutoka giza moja kwenda giza jingine. Bi Effat akavua viatu, akatumbukiza miguu, akafumba macho. "Yallah," alisema, na Faranak akampa kipande cha tikitimaji. Kwa mara ya kwanza mtaa huo ukamsikia amenyamaza.

"Sasa," Esfandiar akamwambia Bi Turan, "zamu yako kunifuata."

"Hatua ngapi?"

"Ukizidisha mbili utapotea."

Akawasha taa yake, wakaingia. Dari lilikuwa la kuinamia. Bi Turan alishika pindo la shati jeupe na hakuliachia. Mwanzoni aliogopa, pumzi zake zikasikika. Kisha akaanza kusikiliza. Maji yalikuwa yanasema maneno madogo madogo kwenye miguu yao. Juu ya vichwa vyetu, Fundi akamweleza, sasa hivi ni tanuri la Rajab-Ali. Sasa ni nyumba yako. Sasa tunapita chini ya uwanja tunapokaa na jua.

"Mji wangu huu wote," alinong'ona Bi Turan, "na mimi sikujua kama una chini."

Hatua mia moja na kumi, njia ikapanuka. Kwenye dari palikuwa na kisima cha kupandia, kirefu, mdomo wake ukionekana huko juu mdogo kama kifungo cha shati. Jua lenyewe halikuweza kufika, lilituma nuru tu, nayo ilikuwa imepoa njiani kote mpaka ilipoyagusa maji ikawa kama maziwa. Bi Turan akanyoosha mikono ndani ya nuru ile. Akaigeuza viganja juu, viganja chini.

"Hili ndilo jua nililokuwa nalo," alisema Esfandiar. "Saa saba mchana, dakika kama kumi, linakuwa hivi. Tulikuwa tunaacha majembe tunakula mkate wetu hapa. Miaka arobaini na minne nililiona zuri na sikuwa na mtu wa kumwonyesha."

Bi Turan akaendelea kuigeuza mikono yake ndani ya nuru.

"Turan," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita bila Bi. "Sina mtu wa kunisemea, na sahani ya peremende nimeisahau juu kwa Rajab-Ali, na nadhani ameshaila. Lakini naposa."

Kisha kile kicheko chake kikubwa kikapasuka, kikaenda mbele kwenye giza na kurudi, kikapanda kisimani. "Nasikia huko magharibi ya nchi, kanati ikikauka, wazee walikuwa wanaiozesha mjane ili maji yarudi. Sasa niambie kweli, unaniposa wewe au unaiposea kanati?"

"Kanati ina maji ya kutosha. Mimi ndiye nimekauka."

Bi Turan akajifuta macho na ushungi. "Nina masharti. Mimi siishi na mtu anayelala baada ya adhana."

"Silali."

"Na lile koti la sufu utalichoma."

"Nitampa Rajab-Ali awashie tanuri."

"Basi nimekubali."

"AMEKUBALI!" ikatoka sauti ya Bi Effat kutoka ngazini, hatua mia moja na kumi nyuma, safi kana kwamba yuko begani kwao. Esfandiar alikuwa amesahau, yeye miongoni mwa watu wote, jinsi sauti inavyosafiri huko chini. Faranak naye akapiga vigelegele, na vigelegele vikazunguka kanati nzima, vikatokea visimani. Inasemekana mama mmoja aliyekuwa akichota maji mtaa wa pili aliangusha ndoo yake.

Wakaoana mwezi wa Mehr, joto lilipokuwa limevunjika mgongo. Walitoka kwa mwandishi wa ndoa saa nne asubuhi, saa ambayo miezi miwili nyuma ingemtoa mtu roho, na mji wote ulikuwa nje: watoto na mabegi ya shule, wazee kwenye mabenchi, wauza makomamanga na mikokoteni yao. Faranak na Bi Effat walikuwa nyuma wakigawa peremende na kubishana nani amezidisha. Gari lilikuwa limekodiwa, wenyewe wakalikataa. Walishika njia bega kwa bega, Bi Turan akieleza jambo kwa mikono miwili, Fundi akicheka ameinamisha kichwa upande wake ili asipitwe na neno.

Walipita tanuri la Rajab-Ali, aliyewarushia ufuta badala ya mchele. Walipita msikiti. Walipita mlango wa nyumba yao mpya, uliopambwa taa na vitambaa, na wageni wamejipanga na uvumba mkononi, wakaupita kabisa, wakaendelea, wakaifikia kona.

"Nyinyi!" Bi Effat akapiga kelele, fimbo juu. "Nyumba ni hii hapa!"

Hawakusikia. Wakakata kona.